Paka wa Mama Shiro hana hatia

Video yangu nikimshtaki paka mbele ya akina mama mmeshaiona, kwa hivyo acheni nisimulie mwenyewe kabla rafiki yangu Baraka hajaongeza chumvi.

Chanzo ni samaki wangu mpya wa tangini, Halichoeres iridis, binamu mdogo wa pono, wa miamba ya pwani yetu: mwili wa zambarau, kichwa rangi ya chungwa. Alipanda basi la usiku kutoka Mombasa ndani ya mfuko wenye oksijeni. Nikauacha mfuko uelee tangini hadi joto lilingane, nikamdondoshea maji polepole kwa mrija, nikamwachilia. Akazunguka kidogo, kichwa chini, akazama mchangani.

Hiyo kwao ni kawaida. Hulala humo, hukimbilia humo wakishtuka, na mgeni aweza kujificha siku kadhaa. Ndiyo maana wanatandikiwa mchanga laini wa sentimita tano hivi, changarawe huwachubua. Na usichimbe kumtafuta: utamjeruhi na kutibua uchafu uliotulia chini. (Ndiyo, ni mimi ninayewafundisha wengine haya. Chekeni tu.)

Asubuhi ya jana, samaki bado haonekani, nikakuta wavu wa kifuniko umesogea, na juu yake manyoya ya paka. Paka wa Mama Shiro, mwenye ploti, huingia kwa dirisha langu kama mpangaji mwenzangu. Nikapanda ngazi na kandambili hadi kwake.

Sasa twende polepole. Mama Shiro yuko mlangoni, leso kiunoni. Nyuma yake akina mama wa chama, vikombe mkononi. Mimi nimeinua kidole, nahutubu kuhusu bei ya samaki na nauli ya kifurushi. Paka anajiramba.

"Muone anavyoramba midomo! Ushahidi huo!"

"Kijana wangu, huyo amekula omena."

"Basi tumnuse!"

Jamani, niliinama. Mbele ya chama kizima nikasogeza pua hadi kwenye mdomo wa paka, nikavuta pumzi.

Omena.

Kabla sijainuka, simu ikalia. Skrini yangu imepasuka, ukigusa hapa yafunguka pale, ikajipokea kwa sauti kubwa. Ni Baraka, aliyebaki kwangu: "Wewe! Marehemu ametoka mchangani, anakula uduvi!"

Kuna mama alipaliwa na chai. Nikaomba radhi, nikashuka mbio. Wavu nimeubana kwa klipu, maana samaki hawa huruka pia. Kodi ya mwezi huu nimeagizwa niilete mkononi, pamoja na omena za paka.