Lorraine Motel: makumbusho au nyumba za maskini?

Ukienda Memphis, Marekani, kwenye makumbusho ya haki za kiraia, pale Lorraine Motel alipopigwa risasi Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968, ng'ambo ya barabara kuna mama ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikaa na mabango yake anawaomba watu wasiingie, anataka jengo litumike kwa makazi ya maskini badala ya makumbusho. Wengi wanampita, wengine wanasema huyu kachanganyikiwa. Mi naona haeleweki tu, na hoja yake ni nzito kuliko watu wanavyodhani.

Anaitwa Jacqueline Smith. Alikuwa anaishi na kufanya kazi humo motelini, ndo akawa mpangaji wa mwisho, Machi 1988 akatolewa kwa nguvu ili ujenzi uanze. Akahamia barabarani na akaendelea zaidi ya miaka 30, jua lake mvua yake. Anachosema ni kwamba King hakwenda Memphis kutafuta jengo la kumkumbuka, alienda kwa ajili ya wazoa taka 1,300 waliogoma baada ya wenzao wawili, Echol Cole na Robert Walker, kujikinga mvua kwenye gari la taka na mashine ikawasaga humo humo. Watu wanapiga kazi wiki nzima na mshahara hautoshi hata kulisha watoto. Na wakati huohuo King alikuwa anaandaa kampeni ya kupeleka maskini Washington wakadai kazi na makazi. Sasa mtu kama huyo, anauliza mama Smith, unamkumbukaje kwa kumtoa mpangaji maskini nje?

Upande wa pili nao una haki yake. Mwenye moteli, Walter Bailey, hakukipangisha tena chumba namba 306, na mkewe Loree alipata kiharusi siku ileile ya mauaji akafariki siku ya mazishi ya King. Biashara ikadorora mpaka jengo likaenda mnadani kwa madeni, na wasingejitokeza wakili D'Army Bailey na wenzake leo pengine pangekuwa parking. Makumbusho yakafunguliwa 1991. Kile chumba unakitazama kupitia kioo, kitanda hakijatandikwa, vikombe vya kahawa viko mezani, na nje kwenye reli ya balkoni limetundikwa shada la maua mekundu na meupe. Mtoto aliyemjua King kwa jina tu akifika pale anaona kilivyo kachumba kadogo, cha mtu wa kawaida, na hicho ni kitu ambacho kitabu hakiwezi kumpa.

Ila kuna hesabu moja hainitoki kichwani. Mwaka 1982 jengo lote lilinunuliwa dola 144,000. Ukarabati uliokamilika 2014 uligharimu dola milioni 27.5. Piga mfumuko wa bei unavyotaka, ile bei ya mwanzo haifiki hata laki nne za 2014, yani ukarabati peke yake ungenunua moteli kama hiyo zaidi ya mara 60. Najua mtu atasema hizo hela zilichangwa kwa ajili ya makumbusho, zisingeenda kwenye nyumba za maskini hata siku moja. Ni kweli, na ndo hapo panaponiuma, maana mamilioni yanapatikana kwa kumbukumbu ya mtetezi wa maskini, halafu maskini wenyewe hawapati mfadhili. Na mtaa nao umebadilika, South Main siku hizi ni apatimenti za kisasa na migahawa, watu wa kipato cha wale wazoa taka hawana chao pale.

Mama Smith analalamika pia kuhusu jengo la pili, lile la ng'ambo ambako inasemekana James Earl Ray, aliyehukumiwa kwa mauaji ya King, alifyatulia risasi, nalo limeingizwa kwenye makumbusho na bunduki ikawekwa humo watu waitazame. Hapo siko naye moja kwa moja, ushahidi unahitajika kwa sababu ubishi kuhusu nani alimuua King haujaisha, lakini naelewa kwa nini linamchoma.

Sitaki wafunge, na mtu akiwa Memphis aingie, ila avuke kwanza akamsikilize yule mama. Wenye makumbusho watasema kazi yao ni historia sio kujenga nyumba, sawa, lakini bodi yenye uwezo wa kupata milioni 27 kwa ukarabati inaweza kuwaita wafadhili walewale na kuwaambia safari hii tunajenga nyumba za kodi nafuu mtaa huuhuu, kwa jina la King, na sioni nini kinawazuia.