Galileo kizimbani, Jua kanisani

Mwaka 1633 mjini Roma, Galileo Galilei, mwanafalaki mzee wa miaka 69, alipiga magoti mbele ya mahakama ya Kanisa Katoliki akaikana kauli kwamba Dunia hulizunguka Jua. Wanaosema dini na sayansi ni mahasimu tangu jadi huanzia hapo, na ushahidi wao ni mzito. Kitabu chake kilipigwa marufuku, naye akazuiliwa nyumbani hadi alipofariki mwaka 1642. Aliyeonewa kaonewa, na sioni haki ya kulipunguza jambo hilo.

Sasa tazama Bologna, mji uliokuwa chini ya Papa, mwaka 1655. Ndani ya Kanisa la San Petronio, mwanafalaki Giovanni Cassini alipitisha mwanga wa Jua kwenye kitundu kidogo cha darini, akachora sakafuni mstari wa zaidi ya mita 60. Kila adhuhuri duara la mwanga lilivuka mstari huo, naye akapima upana wake, maana duara hutanuka Jua linapokuwa karibu na kusinyaa linapokuwa mbali. Kanisa lilitaka hayo ili lipate tarehe sahihi ya Pasaka. Vipimo hivyo vikaunga mkono maelezo ya mwanafalaki Mjerumani Kepler kuhusu mabadiliko ya umbali kati ya Dunia na Jua, na Kepler naye alikuwa na kitabu kilichopigwa marufuku na Kanisa hilohilo!

Kwa Waislamu hali ni hiyohiyo. Katika karne ya 14 Ibn al-Shatir, mtunza nyakati za swala katika Msikiti wa Umayya, Damascus, alibuni hesabu za mwendo wa Mwezi ambazo baadaye zinaonekana tena kwa Copernicus, mwanafalaki wa Ulaya aliyesema kabla ya Galileo kwamba Dunia hulizunguka Jua. Lakini mwaka 1580 kituo cha falaki cha Taqi al-Din mjini Istanbul kilibomolewa kwa amri ya Sultani.

Kwa hiyo naona tuulize nani alikuwa na mamlaka, na aliogopa kupoteza nini. Mwaka 1615 Kardinali Bellarmino aliandika kwamba ukipatikana uthibitisho wa kweli wa mwendo wa Dunia, itabidi Maandiko yafafanuliwe kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa na hoja: Galileo hakuwa na uthibitisho kamili, na maelezo yake kuhusu kupwa na kujaa kwa bahari yalikuwa na makosa. Ila upungufu huo ulistahili kujibiwa kwa mjadala wa wanafalaki. Waliokaa kumsikiliza mwaka 1633 walikuwa mahakimu, na walichomtaka ni kiapo.