Mtoto wa Miaka 34

Kila mwisho wa mwezi hunifikia fomu za ziara kutoka kwa wahudumu wa kujitolea wanaowatembelea watu wazima wenye ulemavu wa akili katika shehia kadhaa (maeneo madogo ya utawala, kila moja na Sheha wake) za Chake Chake na Micheweni, kisiwani Pemba. Mimi ndiye msimamizi wao. Miaka miwili iliyopita nilikuta katika fomu mojawapo sentensi iliyonifanya niweke kalamu chini: "Mtoto ana umri wa miaka 34, anaendelea vizuri, anakula." Nikazirudia fomu zote za mwezi ule moja baada ya nyengine. Karibu kila mtu mzima aliyetajwa humo aliitwa mtoto, na aliyejibu maswali alikuwa mama yake, au dada yake, au ami yake. Mwenyewe hakuulizwa neno.

Sidai kwamba neno hilo ni tusi, maana yapo maneno mabaya zaidi wanayoitwa watu hawa njiani na tunayajua sote. Mimi nina miaka 46 na mama yangu bado huniita mtoto mbele ya wageni. Lakini mama yangu hapokei mshahara wangu, hazuii safari yangu ya Unguja, wala hajibu kwa niaba yangu ninapoulizwa kama nimeshiba. Kwa maoni yangu, hapo ndipo usimamizi wetu wa programu hizi unapokosea: unapima kama mhudumu amefika na kama amejaza karatasi, na hauulizi ni nani anayeamua mambo katika maisha ya mtu aliyetembelewa.

Kosa hili lina historia yake. Kazi kubwa iliyofanyika Zanzibar kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, pamoja na ile ya jumuiya yao iliyoanzishwa mwaka 1999, ilielekea sana kwa watoto, na haki ilikuwa hiyo, kwani wengi walikuwa wakifichwa ndani na skuli haziwapokei. Elimu mjumuisho ikaja, walimu wakafunzwa, wazazi wakapata moyo. Mtoto huyo akishamaliza skuli, au akishatolewa, hakuna tena mlango mwengine unaofahamika. Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016, humpa fedha mzee aliyefikisha miaka 70. Baina ya skuli na miaka 70 kuna zaidi ya miaka 50 ambayo mtu huyo hubaki mikononi mwa familia yake na mhudumu anayepita mara mbili kwa mwezi, na mhudumu huyo tumemkabidhi fomu iliyotungwa kwa kufuata mawazo ya skuli.

Nieleze kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha. Upande wa Chonga kulikuwa na kijana ambaye fomu yake ilionesha kwamba "anashiriki shughuli za kiuchumi". Ulikuwa msimu wa karafuu, na kweli alikuwa akishiriki: jioni, wachumaji wakirudi na magunia, alikaa nao akichambua karafuu kutoka kwenye makonyo mpaka usiku, na asubuhi akasaidia kuzianika kwenye majamvi na kuzikusanya mbio mvua inapotishia. Mikono yake ilikuwa na kasi kuliko ya wenziwe. Nilimuuliza kama analipwa, akasema ndiyo. Nikamuuliza kama halipwi, akasema ndiyo vile vile. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamezoea kukubali lolote wanaloulizwa na mtu wanayemwona mkubwa, kwa hivyo "ndiyo" ya namna hiyo haimwelezi msimamizi kitu. Nikaweka juu ya jamvi noti ya shilingi 10,000, ya 5,000, ya 1,000 na sarafu ya 500, nikamwomba anioneshe ile anayopewa. Akaichukua sarafu bila kusita, akasema, "Hii ya juisi." Noti hakuzigusa. Ujira wake wa msimu mzima ulikuwa ukipokewa na ami yake, ambaye hakuona aibu kunieleza hivyo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimlisha.

Mhudumu wetu alilijua jambo hilo tangu mwanzo. Nilipomuuliza kwa nini hakuliandika, alijibu kwa neno moja ambalo kila Mpemba analifahamu: muhali, yaani kuona haya kumkwaza mtu wa karibu. Ami yule ni jirani yake, wanasali msikiti mmoja, na shamba anakopitisha ng'ombe wake ni la familia hiyo. Sikuweza kumlaumu. Tunamchagua mhudumu kutoka shehia ile ile kwa sababu anaijua, anaaminika na hahitaji nauli kubwa, kisha tunashangaa kwamba ujirani ule ule unamfunga mdomo. Tangu hapo nimeweka utaratibu kwamba, mbali na mhudumu wa kila siku, kila nyumba itembelewe mara moja kwa miezi mitatu na mhudumu wa shehia nyengine, naye alete taarifa yake kwangu peke yangu. Gharama ya nauli imepanda, na wanaotoa fedha wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini nyumba moja inatembelewa na watu wawili. Nimewajibu kwamba yule wa pili haoni muhali.

Utaratibu huu una umuhimu mkubwa zaidi kwa wanawake. Udhalilishaji wa kijinsia ni balaa linalozungumzwa Zanzibar nzima, na mwanamke mwenye ulemavu wa akili yumo hatarini kuliko wengi, kwa sababu huonekana hatasema, na akisema hataaminiwa. Ziara ambayo yeye hakupata hata robo saa ya kukaa na mhudumu mwanamke bila ya jamaa kusikiliza, mimi siihesabu kuwa ni ziara, hata fomu ikiwa imejaa wino. Familia nyengine hukasirika. Zikasirike.

Baada ya fedha, jambo la pili ninaloangalia ni mahali mtu anapokaa. Kwetu mwanamme mtu mzima, kazi zikiisha, utamkuta barazani pamoja na wenziwe, wakicheza bao au wakibishana mpira. Nikifika nyumbani mara tano, na mara zote tano mwanamme wa miaka 40 nikamkuta uani pamoja na watoto, nafahamu kwamba programu yetu haijamsogeza popote. Kwa mwanamke nauliza kama aliichagua mwenyewe kanga aliyojifunga, na kama harusi ya mwisho alikwenda na wenziwe au aliachwa alinde nyumba. Haya hayamo katika fomu yoyote niliyokabidhiwa. Ingawa yanaonekana madogo, ndiyo yanayonipa picha kamili ya namna mtu anavyohesabiwa nyumbani kwao.

Haya si mapenzi yangu tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtu mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine na kwamba asaidiwe kuutumia, na katika kifungu cha 19 unazungumzia haki yake ya kuishi katika jamii na kuchagua aishi wapi na nani. Sitaki kujifanya mwanasheria. Ninachokiona ni kwamba msaada wa kuamua ni kazi ya mikono: picha za kuoneshana, maswali yenye chaguo mbili badala ya ndiyo na siyo, na subira ya kungoja jibu dakika nzima bila ya mama kulimalizia.

Kuhusu wahudumu nitasema machache. Msimamizi anayepiga simu kudai fomu tu ataletewa fomu. Sasa nakaa nao kila mwezi, na saa ya kwanza haizungumziwi karatasi hata kidogo; huzungumziwa yaliyowalemea, dawa za kifafa zilizokatika kituoni na mtu akaanza tena kuanguka, mzee aliyefunga mlango, binti aliyewang'ang'ania wasiondoke.

Suala zito zaidi ni la kesho. Wazazi wengi ninaowatembelea wamefika umri wa kuwa mabibi na mababu, na wote hunipa jibu moja: Mungu yupo. Yupo, lakini familia nazo zipo, na ni bora zikutane mzazi akiwa hai, zikae chini na mwenyewe akiwemo, isemwe nani ataishi naye na nani atatunza fungu lake. Ulemavu haumpunguzii mtu mirathi yake, ila nimeona mikarafuu ikigawiwa mbele ya mwenye haki naye akapewa kazi ya kuwamiminia watu chai. Vikao vitano tu vya aina hiyo nimefanikiwa kuviitisha, viwili vikiwa mbele ya Sheha, na kimoja kilivunjika kwa ugomvi.

Yule kijana wa Chonga sasa analipwa mkononi, na dada yake humsaidia kuhesabu. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea alasiri. Nilipopiga hodi mama yake aliniambia hayupo, amekwenda Chake na marafiki zake kutazama mpira Gombani, na hakusema atarudi saa ngapi. Fomu inataka sababu ya ziara kutofanyika, na sababu zilizochapwa humo ni tatu: mgonjwa, amehama, amefariki. Nilichora mstari wa nne pembeni, nikaandika kwamba alikuwa na shughuli zake.