Kutajwa ndani ya wimbo kuna bei yake

Ndugu mwandishi, unasema wanamuziki wa Kongo wanawataja matajiri wa Lubumbashi ndani ya nyimbo zao kwa upendo tu. Upendo gani? Mabanga, yaani majina ya watu yanayotajwa ndani ya wimbo kwa malipo, ni biashara. Jina linalopita mara moja kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, katikati ya kelele za atalaku, mpiga kelele wa bendi anayechangamsha watu, halina uzito wa lile linaloimbwa taratibu kwenye ubeti wa kwanza, na bei inafuata hapo. Jina unalompa mwimbaji liandikwe kwa herufi kubwa pamoja na cheo, «PDG» (mkurugenzi mkuu wa kampuni) au «Mheshimiwa», na pesa zitoke kabla sauti hazijarekodiwa. Likipachikwa baada ya miksi linasikika kama tangazo la sokoni. Ukumbini, unapomtuza mwimbaji, usitupe dola zilizopasuka: hazipokelewi, utarudishiwa mbele ya watu. Ukishatajwa, kila matanga ya mtaa yanangoja bahasha yako.