Sikumfukia mama mkwe, yalikuwa maranda tu

Ninyi mlioipata stori kwa jirani yangu, tulieni. Sikumfukia mama mkwe. Yalimfika kiunoni tu, tena akiwa amekaa.

Mnaijua nyumba yetu ya Mafinga, ile ya babu. Tofali mbichi, ukuta unene wa dhiraa nzima. Mwezi wa 6 ukiuegemea unakunyonya joto mpaka meno yanagongana. Mwaka jana mama mkwe alitoka Ifakara, akalala na koti siku mbili, akaondoka na mafua. Mwaka huu nikajifanya injinia. Mwezi wa 3, mvua bado inapiga, nikatandaza nailoni ukuta mzima, nikapigilia fremu ya mbao, nikafunika plaiwudi, katikati nikashindilia magunia 14 ya maranda. Mafinga maranda hayanunuliwi, mashine za mbao ziko kila kona. (Aliyenishikia ngazi ni huyo huyo jirani. Hilo hakuwaambia, eh?)

Mama akafika. Asubuhi, kwenye chai: "Baba, ukuta wako umeota uyoga."

Nikadhani ni fumbo la wakwe. Nikaenda kuchungulia: vichwa vitatu, vyeupe, vimejipenyeza kwenye maungio ya plaiwudi. Nikaving'oa, nikasogeza kiti pale. Mambo yameisha.

Saa 8 usiku: ta! Msumari umeruka. Kimya. Ta! Mwingine. Mke wangu akanisukuma, "Nenda." Niende wapi? Chumba cha mkwe, usiku ule, mimi nimejifunga kanga ya mwanawe? Nikasimama mlangoni. "Hodi, mama." Ndani plaiwudi inaguna kama ng'ombe anayetaka kuzaa. "Hodi!" Msumari wa tatu ukaruka, nikausikia ukigonga sanduku la bati. Mwenye akili angeingia. Mimi nikapiga hodi ya tatu, na kikohozi kidogo cha adabu. Ndipo ikaja ile sauti. Si kishindo, hapana. Fwaaaaa, taratibu, kama mtu anamwaga gunia la mahindi bila haraka. Harufu ya mbao iliyooza ikapita chini ya mlango. Kisha mama, ametulia kabisa:

"Karibu, baba. Pita polepole, ukuta wako umeshapanda kitandani."

Nikawasha tochi ya simu. Amekaa wima, maranda meusi yaliyolowa hadi kiunoni, kilemba hakijasogea hata kidole, na begani uyoga mmoja. Nikageuka haraka, nikautazama ukuta kwa heshima zote. Unatiririka maji.

Fundi mzee alipokuja alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ukuta wa udongo usio na kizuizi msingini hunyonya maji ya ardhini na kuyapumua nje. Nailoni yangu iliuziba pua, maranda yakanywa, yakawa mazito. Tumetoa vyote, tumechimba mtaro nyuma, tumepiga lipu ya udongo na chokaa. Mama alihamia chumba cha watoto, akaongeza wiki nzima, nafikiri kwa ajili ya kuwasimulia wageni.

Jana kapiga simu kutoka Ifakara. Wajukuu hakuwauliza. Kauliza uyoga.