Muuguzi anayerudi kazini: miaka aliyokaa nje si kipimo tosha

Mkunga aliyekaa nje ya kazi miaka sita anapotaka kurudi, mjadala huwa uleule. Wapo wanaosema arudi darasani, asome upya kwa miezi na kutahiniwa, ndipo akabidhiwe mgonjwa. Wengine husema huyu amekwisha kufuzu, wodi hazina watu, avae sare aanze kesho chini ya uangalizi. Kila upande una hoja nzito, lakini zote mbili hupima kwa kitu kimoja, yaani miaka, na hapo ndipo ninapoachana nazo.

Tuanze na wanaotaka ukali. Hoja yao yenye nguvu zaidi haihusu kusahau. Aliyesahau hujijua, huuliza. Wa kuhofiwa ni anayekumbuka vizuri sana jambo lililokwisha kuachwa, mkono wake ukalitenda kabla hajafikiri. Ukunga umejaa mifano. Kwa miaka mingi patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, ilihesabu kuwa uchungu umekolea njia (mlango wa mfuko wa uzazi) ikifunguka hadi sm 4, na kuanzia hapo njia ilitarajiwa kufunguka sm 1 kila saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisogeza mwanzo huo hadi sm 5, likasema kwamba kasi ndogo kuliko sm 1 kwa saa, peke yake, si sababu ya kuingilia kati. Chati mpya ya kufuatilia uchungu ikafuata 2020. Mkunga aliyeondoka kabla ya hapo akikuta sm 4 hazijabadilika kwa saa tatu, atasema uchungu umekwama na kuomba dripu ya oksitosini, dawa inayochochea mikazo ya mfuko wa uzazi. Mama aliyehitaji muda tu anaweza kuishia na mikazo inayofuatana mno, na mapigo ya moyo ya mtoto yakashuka.

Mtoto akishazaliwa, mazoea ya zamani yalikuwa kufunga kitovu mara moja na kumfyonza kila mtoto mdomo na pua. Sasa, kwa mtoto asiyehitaji kusaidiwa kupumua, husubiriwa dakika 1 hadi 3 kabla ya kufunga kitovu, na ambaye maji ya uzazi yalikuwa safi, akaanza kupumua mwenyewe, hafyonzwi.

Damu inayomtoka mama baada ya kujifungua ndiyo inayoua haraka. Kuikadiria kwa macho, hata macho ya mzoefu, mara nyingi hutoa kiasi pungufu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa 2023, ulitumia kitandiko chenye mfuko wa vipimo unaokinga damu hiyo, na tiba za kwanza zikatolewa kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke) na maji ya mishipani, huku chanzo kikitafutwa. Damu nyingi kupita kiasi, upasuaji wa tumbo kwa ajili ya kutokwa damu na vifo vyake, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa 60%. Asidi hiyo ina mipaka yake: gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Anayerudi na mazoea ya kutoa dawa moja, kungoja, kisha kuongeza nyingine, anachelewa bila kujua.

Hata hivyo, upande wa pili una jambo ambalo wakali hawalijibu vizuri. Ustadi wa kufufua mgonjwa huanza kufifia miezi michache tu baada ya mafunzo, hata kwa asiyewahi kuondoka kazini. Kukandamiza kifua cha mtu mzima kina cha sm 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hakudumu bila mazoezi. Kwa nini basi anayerudi peke yake ndiye atahiniwe? Yapo pia yasiyopotea kirahisi, kama kuzungumza na mgonjwa mwenye hofu, kuona mapema kwamba mtu anazidiwa, na kupanga kazi ya zamu nzima. Kumrudisha kwenye somo la kutandika kitanda ni kumpotezea muda na ada, na wapo wanaokata tamaa wakiwa bado wanahitajika.

Uingereza hudai saa 450 za kazi ndani ya miaka 3 ili usajili uendelee, na asiyezifikisha ana njia mbili: kozi ya kurudi kazini au mtihani wa umahiri. Mpango wa njia mbili naukubali. Wasiwasi wangu uko kwenye saa zenyewe, kwa sababu saa 450 za kliniki ya nje hazimwandai mtu kwa chumba cha kujifungulia.

Kinachofaa ni kumpima kwanza, kisha kumfundisha pale palipopungua tu. Hesabu za dawa hufichua mengi. Mpe hesabu ya dripu ya lita 1 iishe kwa saa 8. Kwa seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita, jibu ni matone 42 kwa dakika. Kwa seti ya matone 60, ni 125. Anayeweka 42 kwenye seti ya 60 atamaliza chupa hiyo kwa karibu saa 24. Kosa la kinyume chake lingeimaliza kwa chini ya saa 3, na kwa mgonjwa wa moyo hilo ni hatari kubwa. Mpe pia mwanasesere wa kufufulia, na maigizo ya mtoto asiyelia na mama anayetoka damu, umtazame akitenda.

Mipango mingi huharibikia wodini. Anayerudi huhesabiwa kama mtu kamili wa zamu tangu siku ya kwanza, msimamizi wake ana wagonjwa wake mwenyewe, na orodha ya ujuzi hutiwa sahihi bila mtu kumwona akifanya. Wiki za mwanzo asihesabiwe kwenye idadi ya zamu, asipangiwe usiku, na aliyetia sahihi awe ameshuhudia kwa macho yake.

Kwenye zahanati ya wakunga wawili, masharti hayo hayatekelezeki. Mkunga wa huko apelekwe kwanza hospitali yenye uzazi mwingi, akae hadi ashuhudiwe akimudu dharura, ndipo arudi kituoni kwake.