Daraja juu ya mchepuko wa Tabora: tuweke maungio au tuyaondoe?

Barabara za Nzega, Itigi, Sikonge na Urambo zote zinakutana Tabora. Mji huu ukijengewa mchepuko wa malori, mojawapo italazimika kuuvuka kwa juu, na daraja hilo linataka maamuzi mawili: kama liwe na nguzo ya kati, na kama liwe na maungio, yaani nafasi zinazoachwa mwishoni mwa daraja ili lipate kutanuka.

La nguzo ni jepesi. Daraja la mita 40 lisilo na nguzo ya kati haliachi kitu cha kugongwa na lori, ila boriti zake zitakuwa na kimo cha karibu mita 2. Ukiweka nguzo, kimo kinashuka hadi mita 1.2 hivi. Tabora ni tambarare: kwa mwinuko wa asilimia 4, kila mita 1 ya kimo inarefusha tuta la kupandia darajani mita 25 kila upande. Kifusi hicho ni pesa. Iwekwe nguzo, ilindwe kwa ukuta wa zege.

Maungio ndiyo mazito. Tumezoea kulaza boriti juu ya vipande vya mpira na kuacha nafasi mwishoni, maana joto likibadilika nyuzi 20, mita 40 za zege hurefuka karibu milimita 10. Mahesabu yake yamenyooka, na mpira ukichoka, daraja huinuliwa kwa jeki ukabadilishwa. Lakini kiangazi nafasi ile hujaa mchanga, na mvua zikianza maji hupenya, yakalowesha mpira na vichwa vya boriti. Kutu ya nondo huanzia hapo, gizani.

Njia ya pili ni kuunganisha boriti na kuta za mwisho ziwe kitu kimoja. Uingereza, iliyoteswa sana na maungio yanayovuja, ilitoa mwongozo mwaka 1996 wa kupendelea mfumo huu kwa madaraja yasiyozidi mita 60. Nao una gharama yake: ukuta husukuma kifusi cha nyuma na kukiachia, msimu hadi msimu, mpaka kinatitia na barabara inabonyea mlangoni mwa daraja. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa, hali huwa mbaya zaidi.

Hata hivyo nachagua huu wa pili. Barabara iliyobonyea kila dereva anaiona na mafundi wa hapa hapa wanaiziba. Nondo iliyoliwa ndani ya boriti haionekani mpaka zege limeguke, huku malori ya tani 56 yakiendelea kupita. Ila slabu ya kuingilia darajani na changarawe ya kushindilia nyuma ya kuta ziandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, zisiwe za kwanza kukatwa bajeti ikibana.